Bukuru Alipita Mezani kwa Mama

Mama yangu hajui kukaa. Ukimpa kiti atakalia ukingo wake, na kabla chai haijapoa utamwona ameshika ufagio, au anachambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa. Ana miaka sitini na ushee sasa. Watu wa Mugoma, wilayani Ngara, wamemzoea, wanasema Mwalimu Ildefonsa alizaliwa hivyo. Mimi ni mwanawe na najua hakuzaliwa hivyo. Nilimwona alivyokuwa kabla, na nilimwona alivyobadilika mwaka 1997, nikiwa darasa la tano.

Alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka kumi na miwili pale shirika la kuhudumia wakimbizi lilipokuja kutafuta watu wa kuongea na wakimbizi mpakani. Sisi ni Wahangaza. Kihangaza na Kirundi vinasikilizana, kwa hiyo Mrundi aliyekuwa amevuka usiku na watoto migongoni aliweza kumwelewa mama bila mkalimani. Wanyarwanda walikuwa wamekwisha kuondoka kambi ya Benaco mwezi Desemba, wameviacha vilima vyekundu havina mti hata mmoja, lakini upande wetu Warundi waliendelea kuingia kila siku. Walipokelewa kwenye banda la mabati na maturubai, wakaandikishwa, kisha wakapakiwa kwenye malori kwenda kambi ya Lukole.

Kazi ya mama ilikuwa meza ya mwisho kabla ya malori. Kila mtu mzima aliyekuja na mtoto alipita pale, na mama alitakiwa ajue kama mtoto ni wake kweli. Mara nyingi aliyeshika mkono wa mtoto hakuwa mzazi. Alikuwa jirani, au mama wa ubatizo, au mtu aliyemkuta mtoto analia kando ya njia akashindwa kumwacha. Hao hawakuwa na shida. Waliandikwa vile walivyo, na picha ya mtoto ikabandikwa ukutani kambini ili wazazi wamtafute. Waliotafutwa ni wengine, wale waliookota watoto njiani kama mtu aokotavyo kuni, wakavuka nao kwa jina la ubaba, kisha wakawapeleka mbali kufanya kazi kwenye nyumba na mashamba ya watu.

Mama aliwatenganisha. Mtu mzima aliulizwa kwanza, mtoto akisubiri nje na chai ya maziwa, kisha mtoto akaulizwa peke yake maswali yale yale. Nani hulala karibu na mlango? Mvua ikinyesha nyumba yenu inavuja upande gani? Mbuzi wenu mlimwitaje? Alituambia nyumbani kwamba kazi ile haikuwa tofauti na kusahihisha mitihani, kwa sababu mwanafunzi aliyeibia kwa jirani hujulikana. Baba yangu, Anatory, ambaye hakuipenda kazi ile tangu mwanzo, alimjibu kwamba mtihani ukikosewa kusahihishwa hakuna anayepotea.

Siku iliyombadilisha ilikuwa Jumanne ya Februari. Mvua ilipiga mabati tangu asubuhi hata watu wakawa wanaongea kwa kupaza sauti, na katika foleni kulikuwa na mwanamke aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa. Mtu mmoja aitwaye Niyongabo, wa makamo, mpole, mwenye koti la mvua, alifika mezani akasema mkewe amefariki na amebaki na binti mmoja tu, Bukuru, wa miaka minane. Aliulizwa yote akajibu yote. Alipoulizwa juu ya jina la mtoto, ambalo ni la pacha, alisema ndiyo, walizaliwa mapacha, lakini mwenzake alikufa siku ile ile.

Bukuru akaingia. Alikuwa anachechemea, na mama, kabla hata ya kufungua fomu, alitazama miguu yake akaona imejaa funza. Akamuuliza, kwa ajili ya kumzoesha tu, nyumbani nani alikuwa anamtoa funza.

"Butoyi," mtoto akasema. "Nami namtoa yeye."

Mama akasema vizuri, akafungua fomu, akaanza. Majibu ya mtoto yakaja moja baada ya jingine, sawasawa na ya Niyongabo. Mlango, paa, mbuzi. Pacha wako yuko wapi? Alikufa tulipozaliwa. Nje yule mwanamke wa uchungu akapiga kelele, mtu akamwita mama aje amshike mkono. Mama akaandika "baba yake mzazi", akatia sahihi, na Bukuru akapakiwa lorini na Niyongabo.

Jioni mvua ilipokatika alianza kurudi nyumbani kwa miguu. Alikuwa amefika kwenye migomba ya kwa baba mdogo, jua bado lipo, aliposimama katikati ya njia. Kwetu kama kwa Warundi, pacha anayetangulia ni Bukuru na anayefuata ni Butoyi. Hakuna anayechagua. Ukimwona Bukuru, Butoyi wake yupo au alikuwepo. Na mtoto aliyekufa siku ya kuzaliwa hawezi kumtoa mwenzake funza.

Aligeuka akakimbia. Mwalimu mwenye miaka thelathini na minane, amevaa gauni la kazini na raba, alikimbia mlima wote hadi kwenye banda akakuta malori yameondoka. Kesho yake alikwenda Lukole kwa gari la shirika pamoja na mkuu wake, Frednand, kijana wa ustawi wa jamii kutoka Bukoba. Turubai alilopewa Niyongabo walilikuta bado limekunjwa. Majirani walisema hakulala hata usiku mmoja. Alikuwa ameuliza njia ya Biharamulo, na habari za mtu wa kijiji cha Bisibo huko anayehitaji mtoto wa kulea.

Frednand aliandika taarifa, polisi wakaarifiwa. Alimwambia mama kwamba yeye mama alifuata utaratibu wote na kwamba swali lile la funza halikuwa hata kwenye fomu. Alidhani anamfariji. Toka siku hiyo mama aliacha kukaa. Alikula amesimama. Alikuwa akianza kufua nguo anaziacha kwenye maji, anatoka, anarudi, anauliza kama kuna mtu amekuja kumwita. Baba akimwita alimjibu kama mtu aliye chumba kingine.

Siku ya tisa, Bukuru alikuja tena kwenye foleni.

Ndivyo mama alivyodhani. Aliinua macho akaona uso ule ule, gauni jingine, mtoto ameshikwa mkono na mwanamke mrefu mwenye kidonda shavuni. Mama anasema alifurahi kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Kisha akaona mtoto hachechemei.

Mwanamke yule aliitwa Nkeshimana. Alisema walipotezana na mtoto mmoja mtoni, watu walipoanza kukimbia kusikia risasi, na kwamba kila alipofika alikuwa akimwonyesha huyu aliyebaki na kuuliza, mmemwona mwingine kama huyu? Alikuwa bado hajauliza hapo mezani. Alikuwa anavuta pumzi ili aulize.

Frednand alikuwa amesimama nyuma. Baadaye alimwambia mama kwamba angeweza kumwachia yeye azungumze. Mama hakumngoja.

"Nilimwona," akasema. "Alikuja na mtu aliyesema ni baba yake. Mimi ndiye niliyempitisha."

Nkeshimana hakulia wala hakumtukana. Alimvuta Butoyi akamweka nyuma ya mgongo wake, mbali na meza.

Wiki ile mama hakuzungumza jambo jingine. Polisi wa Biharamulo walikuwa wamepata taarifa, lakini taarifa ilikuwa maneno tu: msichana wa miaka minane, mweusi, mwembamba. Watoto wa namna hiyo walikuwa wamejaa wilaya nzima. Picha ya Bukuru haikuwepo, kwa kuwa aliyesemwa yuko na baba yake hakupigwa picha. Nkeshimana mwenyewe hakuruhusiwa kutoka kambini bila kibali, na kibali kilihitaji wiki mbili au tatu. Mama akaona kwamba picha ya Bukuru ipo, inatembea kwa miguu yake miwili. Akaenda kambini kumwomba Nkeshimana ampe Butoyi wakamtafute naye.

Mimi nilikuwepo. Ilikuwa Jumamosi na nilikuwa nimemsindikiza. Nkeshimana alikuwa anapuliza moto, akaacha.

"Mmoja umekwisha kumtoa," akasema. "Sasa unataka nikupe na huyu?"

Niliona mama anatafuta la kusema, na kwa mwalimu yule lilikuwa jambo geni. Kisha akanishika bega akanisogeza mbele.

"Huyu ni Nice, mwanangu wa kwanza. Nitamwacha kwako mpaka nirudi."

Sikuwa nimeambiwa. Yeye mwenyewe, naamini, hakuwa anajua mpaka alipolisema. Nkeshimana alinitazama muda mrefu, akaniuliza mama yangu anaitwa nani, baba yangu anaitwa nani, nyumbani kwetu nani hulala karibu na mlango. Kisha akamwita Butoyi kando, akamuuliza kama mimi nafanana na yule mwanamke. Aliporidhika akasema sawa.

Baba alipopata habari alikuja kambini siku ile ile kunichukua. Aliongea na mama nje ya turubai kwa sauti ya chini, na kwa upande wake sikusikia kitu ila neno moja alilolirudia mara tatu, kwamba mimi si mfuko wa maharage. Mama alimwambia, Baba Nice, ukimchukua sitapewa mtoto, na nisipopewa mtoto yule mwingine amekwisha. Baba alikaa juu ya jiwe mpaka jua likateremka. Akaniachia sweta lake, akaenda zake bila kumuaga mtu.

Mama aliondoka na Butoyi Jumatatu, akiwa na barua ya Frednand yenye mhuri. Siku zile barabara ya Biharamulo ilikuwa na majambazi msituni, magari yalisubiriana yaende pamoja na askari. Kwenye kizuizi cha kwanza askari mmoja aliingia ndani ya basi, akapita akitazama nyuso, akasimama kwao. Akauliza kama mtoto ni wake. Mama akasema si wake, akatoa barua. Askari akaisoma akairudisha, akaagiza wote wawili washuke. Mama alipelekwa upande mmoja, Butoyi upande mwingine, na abiria mmoja anayejua Kirundi akaombwa amuulize mtoto, huyu mama ni nani kwake.

Butoyi akajibu, "Simjui. Ndiye aliyempitisha dada yangu."

Basi likaondoka bila wao. Walikaa pale kizuizini kutwa nzima, juu ya benchi, askari wakiita Ngara kwa redio na redio ikikwaruza tu. Mama alinieleza baadaye kwamba hakukasirika. Alimtazama yule askari, kijana wa watu, akikataa kila maelezo, akikataa mhuri, akikataa hata padri aliyepita akasema anamfahamu mwalimu. Mama alitamani sana kwamba naye Jumanne ile angekuwa mbishi hivyo. Saa kumi redio ikashika, Frednand akajibu, wakapakiwa kwenye lori la mahindi.

Huku nyuma mimi nilikaa na Nkeshimana. Hakunionea. Alinipa chakula kabla yake. Lakini hakuniacha hata hatua moja. Tukienda kuteka maji alinishika kifundo cha mkono, tukisimama kwenye foleni ya unga alinishika, nikienda chooni alisimama nje akiniita jina ili niitike. Mkono wake ulikuwa mkavu. Kila gari lililopanda mlima tulilisikia sote wawili, tukaacha tulichoshika mpaka lipite. Siku ya tatu aliniuliza mama yangu ni mtu wa namna gani. Nilimwambia kwamba tukikosa hesabu moja anatufanya turudie ukurasa mzima.

"Angerudia siku ile," akasema.

Nilianza kuogopa kwamba mama hatarudi, na kwamba mimi nitabaki kuwa mtoto wa turubai lile. Niliogopa zaidi nilipogundua kwamba Nkeshimana naye anaogopa jambo hilo hilo, na kwamba hanitaki mimi hata kidogo.

Bisibo walifika Jumatano, siku ya gulio. Mama hakuuliza chochote. Alimshika Butoyi mkono akapita naye polepole katikati ya watu, mstari wa pamba, mstari wa dagaa, mstari wa vyungu, akitazama nyuso za wanaomtazama mtoto. Walizunguka mara mbili. Mara ya tatu mama mmoja muuza viazi vitamu, jina lake Eufrazia, aliinua kichwa akamwambia Butoyi kwa Kiswahili, "Wewe Rehema, leo mtoto umemwacha na nani?"

Butoyi hakuelewa, akajificha. Mama akamwamkia Eufrazia shikamoo ingawa walilingana umri, akamuuliza huyo Rehema anakaa kwa nani.

Nyumba ilikuwa ya mkulima aitwaye Gidioni na mkewe Priscila, nusu saa kutoka gulioni. Mama alipitia kwanza ofisi ya kata kumchukua mtendaji. Walimkuta Bukuru barazani, amebeba mgongoni mtoto mnene karibu nusu ya uzito wake. Pacha wale hawakukimbiliana kama nilivyokuwa nikidhani. Bukuru alibaki amesimama. Butoyi alimwendea, akainama, akamwinua mguu mmoja, akaanza kuutazama vidoleni.

Priscila alitoka jikoni, na alipoona nyuso mbili alielewa kabla hajaambiwa. Alisema Niyongabo alijitambulisha kama mjomba, kwamba wazazi wamekufa na mtoto anahitaji pa kulala. Alisema mtoto analishwa na hajapigwa. Mama akamjibu kwamba hakatai. Gidioni yeye alitazama chini tu, na mtendaji akaandika jina lake.

Mtendaji alitaka kumaliza hapo, kwa kuwa pacha walifanana kama macho mawili. Mama akakataa. Alimketisha Bukuru peke yake nyuma ya nyumba, akamuuliza yote upya, na safari hii akaanza na swali ambalo fomu haikuwa nalo. Alimuuliza nani alimfundisha majibu.

Bukuru alisema ni yule mtu, njiani, siku mbili. Walikuwa wakitembea anamuuliza, akikosea wanarudia. "Aliniambia nikijibu vizuri nitapelekwa kwa mama. Nikikosea, mama hataniona tena."

Ndiyo maana hakukosea. Alikuwa amejitahidi kuliko watoto wote waliowahi kukaa kwenye kiti kile. Mama aliniambia kwamba maneno hayo ndiyo yaliyomwingia na hayajatoka.

Na kulikuwa na jingine. Priscila alisema Niyongabo hakuja na mtoto mmoja. Alikuwa na wengine wawili, msichana na mvulana wadogo zaidi, akaondoka nao kuelekea upande wa Runzewe. Mama aliuliza wana sura gani, wamevaa nini, wamesema neno gani. Priscila alikumbuka sweta la kijani tu. Mtendaji aliahidi kupeleka habari mbele. Mama alitaka kuwafuata siku ile ile, akatoka hadi barabarani, akarudi, akatoka tena. Lakini alikuwa na watoto wawili mikononi, na wa tatu wake mwenyewe kambini.

Walirudi Ijumaa mchana. Nkeshimana alisikia gari, akasimama, na kwa mara ya kwanza kwa karibu wiki nzima akaniachia mkono. Wanawe walipoteremka alikaa chini kabisa, kwenye udongo, miguu imenyooka, akawapakata wote wawili ingawa walikuwa wakubwa, akawa anashika huyu na huyu kana kwamba anahesabu. Mama alikuja kwangu. Mimi nikageuka. Nilikataa kuongea naye njia nzima mpaka Mugoma, na kesho yake pia, na Jumapili kanisani nilikaa upande wa baba.

Niyongabo hakukamatwa. Ilisemekana alionekana Kahama, na wengine wakasema alirudi kwao. Sweta la kijani mama alilitafuta kwenye madaftari yote ya kituo, familia kwa familia, na hakupata. Labda watoto wale walipita mezani kwake, labda walivukia kwingine. Kwa miaka mingi kila dereva wa Runzewe aliyesimama Ngara aliulizwa. Shirika lilimbakiza kazini, na Frednand aliongeza kwenye fomu swali la mama, nani alikufundisha majibu, lakini hilo halikumfanya mama alale vizuri zaidi.

Nilipokuwa mtu mzima, nina watoto wangu tayari, nilimuuliza angefanya nini kama asingempata Bukuru. Angenichukuaje kwa Nkeshimana? Nilikuwa nimelibeba swali hilo muda mrefu, na nilitaka ajitetee ili nipate kumkasirikia vizuri.

"Nisingekuchukua," akasema. "Ningekuja kukaa na ninyi kule."

Mwaka 2003 Warundi walipoanza kurudi kwao kwa malori, meza zilipangwa tena, safari hii kwa wanaotoka. Mama alimwomba Frednand familia ya Nkeshimana ipelekwe kwenye meza nyingine. Nkeshimana akakataa. Alihama foleni akaja kwa mama, na wasichana wake wa miaka kumi na minne, warefu sasa, mmoja kila upande.

Mama alimwambia wanajuana, hakuna haja ya maswali.

"Uliza, Mwalimu," Nkeshimana akasema.

Wasichana wakatoka nje. Mama akauliza yote, la kwanza mpaka la mwisho, kisha akamwita Bukuru, kisha Butoyi, akauliza upya. Hakuna aliyecheka. Alirudia jibu moja la Butoyi mara mbili kwa sababu halikuwa sawasawa na la mama yake, juu ya rangi ya mlango wa nyumba waliyoiacha, mpaka Nkeshimana akakumbuka kwamba ulipakwa rangi mara mbili. Akatia sahihi. Walipeana mikono, Nkeshimana akapanda lori akiwa amewashika wanawe kwa vifundo vya mikono kama alivyokuwa akinishika mimi.

Mama hakusimama kuwapungia. Foleni ilikuwa bado ndefu. Akageuza karatasi, akaita familia iliyofuata.